Mke Mwenye Ukoma

Wanavyuoni wengi wa Fiqhi waliuhesabu ukoma katika aibu zinazompa mume au mke hiari ya kuivunja ndoa. Illa yao, yaani sababu ya hukumu hiyo, ilikuwa kuepusha madhara, kwani maradhi hayo hayakuwa na dawa. Leo dawa ipo. Tangu 1995 hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa huimeza miezi 6 au 12 akapona, na mara baada ya kuianza huwa haambukizi. Illa ikiondoka, hukumu itasimama juu ya nini?

Nchini India ukoma ulibaki kuwa sababu ya talaka hadi Bunge lilipoifuta mwaka 2019. Lakini sheria ya karatasini haijafika kila nyumba. Mwanamke aonapo baka lisilo na hisia hulifunika kwa nguo, akichelea kurudishwa kwao na kutengwa na wanawe. Miezi hupita, mishipa ya fahamu hufa. Vidole huungua jikoni naye hana habari, na kidonda ndicho kinachomfichua. (Mume akipatwa yeye, mke hutarajiwa kumwuguza!) Kadhi aletewaye shauri kama hilo ana haki ya kuanza na mume: mkewe alimpeleka hospitali lini?