Hofu ya Safari



Mmekwisha kufundishwa habari za mzee Yakobo. Yosefu mwanawe aliuzwa akiwa na miaka 17, na baba akasadiki kwamba ameliwa na mnyama mkali. Ikapita miaka 22 hivi. Halafu wanawe wakarudi toka Misri wakisema Yosefu yu hai. Mzee hakusadiki maneno yao. Lakini alipoyaona magari yaliyoletwa ili yamchukue, nguvu zikamrudia.

Hata hivyo aliogopa. Katika ujana wake aliwahi kwenda mbali, mpaka Harani, akarudi. Tangu hapo miaka mingi ilikuwa imepita, naye sasa alikuwa na miaka 130. Alipofika Beer-Sheba alisimama, akamtolea Mungu sadaka. Usiku ule Mungu akamtuliza, akamwahidi kushuka Misri pamoja naye. Angalieni vema: Mungu hakumkemea kwa sababu ya hofu yake, wala hakumruhusu kurudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Je, kuogopa safari ni dhambi? Hapana. Hofu ni mlinzi wa mlangoni. Lakini mlinzi akimfungia mwenye nyumba ndani asiwaone wazazi wake, kazi yake imeharibika.

Sikieni habari ya mtu mmoja. Kwao ni kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie. Alipokuwa kijana alipanda ndege kwenda Kinshasa kusoma. Akapata kazi huko, akaoa, akakaa miaka 19 bila kurudi. Katika safari ile dhoruba iliitikisa ndege vibaya, naye akaapa moyoni kutopanda tena. Hofu yake haikuwa ya kitoto, kwa maana ndege zilizoanguka katika nchi ya Kongo si chache. Akasema atakwenda kwa njia ya chini. Lakini njia ile ni merikebu ya mtoni mpaka Ilebo, halafu gari la moshi kwa Kananga, Kamina na Kabalo: safari ya majuma. Nani apewaye ruhusa ndefu namna hiyo kazini? Basi hakwenda kwa juu wala kwa chini.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu, na kila mwezi alituma fedha. Watu wa kijiji walimsifu. Mama naye alishukuru, ila siku moja alimwambia: «Mwanangu, fedha zinafika, sauti inafika, wewe hufiki.» Wakati huo macho yake yalikuwa yanaingia giza, naye alimficha.

Dada yake ndiye aliyefunua jambo hilo. Yule mtu akanunua tikiti. Kabla ya kuondoka alikwenda kuungama, akapatana na jirani waliyekosana. Ndani ya ndege alishika rozari, na jasho likamtoka tangu kuruka mpaka kutua. Hofu haikumwacha hata kidogo, alikwenda nayo. Alipofika, mama alimpapasa paji la uso, masikio, na ndevu ambazo hakuzijua, akasema: «Umekuwa mzee.» Wakalia, wakacheka. Lakini uso wake hakuuona. Kama angalikuja miaka miwili mbele, macho yale yangalimwona.

Wengine watauliza: alisali, mbona Mungu hakumwondolea hofu? Mkumbukeni Bwana Yesu katika shamba la Getsemani. Alisali, akatoka jasho, akainuka akaenda.

Kanisa halidharau vyombo hivi vya angani. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaweka warukao chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Loreto, kwa kuwa mapokeo yasema nyumba ya Nazareti ilichukuliwa na malaika mpaka Loreto, katika Italia. Basi msimamizi wa wasafiri wa angani anakumbukwa kwa nyumba, nyumba ya baba, mama na mtoto. Siku zile ndege zilikuwa dhaifu. Mwaka 1925 Edmond Thieffry, wa kwanza kuruka toka Ubelgiji mpaka Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville, alitumia siku 51. Siku hizi ni saa 8 hivi.

Lakini busara pia ni fadhila. Apandaye chombo kilichojazwa kupita kiasi, au asiyetaka kungoja dhoruba ipite, anamjaribu Mungu, iwe ndege angani au mtumbwi ziwani.

Kati yenu ni wachache watakaopanda ndege. Lakini wengi mna baba au mama ng'ambo ya ziwa, au kule mwisho wa reli, ambaye hamjamwona tangu zamani. Mavuno yakiisha, mwombeni katekista ruhusa ya majuma mawili. Siku ya kuondoka fanyeni ishara ya msalaba, mwombeeni na yule aendeshaye chombo, asiyejua majina yenu. Tena msifike mikono mitupu: chukueni hata chumvi kidogo.