Dawa kwa Simu na Wajibu wa Kuuliza

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), twapenda kuwakumbusha ndugu zetu juu ya jambo lililoenea katika miji yetu, nalo ni kuagiza dawa kwa simu na kuletewa mpaka mlangoni.

Kwanza na ijulikane kwamba jambo lenyewe si haramu. Asili ya biashara ni halali, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Mzee asiyeweza kushuka ngazi, mama mwenye mtoto mchanga, na mgonjwa wa sukari anayehitaji dawa zile zile kila mwezi, wote wamepata wepesi, na wepesi ni neema. Hapa Kenya, tangu 2017, yapo maduka ya dawa ya mtandaoni yenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hutaka cheti cha daktari kwa dawa zinazohitaji cheti. Kuyatumia hayo hakuna ubaya.

Ubaya ni pale mtu anapoishika simu si kwa udhia wa njia, bali kwa kulikimbia swali. Daktari huuliza: una maradhi gani mengine? Watumia dawa gani? Asiyetaka kuulizwa humwendea muuzaji asiyejulikana duka wala jina, ambaye haulizi ila pesa. Wapo watu wazima wenye maradhi ya moyo ambao, kwa kuona haya, huagiza kwa siri dawa za nguvu za kiume. Laiti wangaliuliza, wangaliambiwa kwamba dawa hizo zikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu huweza kuanguka ghafula hata mtu akafa. Haya hiyo siyo ile iliyo sehemu ya imani, kwani imani haimwongozi mtu kuiangamiza nafsi yake.

Tena ziko dawa za bandia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa 1 katika kila 10 ni bandia au hafifu.

Yasimuliwa katika hadithi kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa ukali, akafunza kwamba ujinga huponywa kwa kuuliza. Basi atakuwa na udhuru gani leo anayemgawia jirani vidonge vyake, au anayeuza asichokijua?

Ewe muuzaji, dawa ni amana. Usiitoe pasi na cheti kwa tamaa ya faida. Ewe mpelekaji, insulini isiyofunguliwa yataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Usiiache juani ukaenda kunywa chai. Nawe mnunuzi, hakikisha leseni, tazama tarehe ya kwisha, na umwambie mfamasia ukweli wa maradhi yako. Na vijana wanaojua simu na wawasomee wazee wao maandishi ya dawa, kwani huo nao ni wema kwa wazazi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuihifadhi amana ya miili yetu. Amin.