Nani Alimtuma Mjusi?

Somo: Mithali 30:24–28, Kutoka 20:16



Desemba moja ndugu yetu anayefundisha Lodwar alirudi Gesima likizo na magunia yake. Tukiwa kwa maombi pale kwao, mjusi mdogo wa rangi ya mawe akatokea ukutani karibu na taa, akatukodolea macho bila kupepesa. Mama mmoja akapiga kelele, "Huyo ametumwa!" Kabla hatujafika amina, mjusi alikuwa amepigwa kwa kiatu, na jina la magokoro mmoja jirani limeshatajwa.

Swali langu ni hili: Je, ni dhambi kusema "ametumwa" kama hujui ametoka wapi?

Tumwangalie mjusi mwenyewe. Watu wa pwani humwita mjusi kafiri, lakini hana sumu. Ndugu zake wengine wanaishi kwenye miamba ya jangwa kule Turkana na Marsabit. Mchana jua likichoma mawe anajibana kwenye ufa. Usiku anatoka kutafuta wadudu. Hapepesi macho kwa sababu Mungu hakumpa kope za kufunga. Vumbi likiingia, analamba jicho kwa ulimi. Anapanda ukuta bila gundi, kwa vinyweleo vidogo mno vilivyo chini ya vidole. Adui akimshika mkia anauacha hapo ukichezacheza, naye anakimbia, na mwingine unaota. Taa inavuta wadudu, nao wadudu wanamvuta yeye. Ndiyo maana alikuwa karibu na taa.

Na Gesima alifikaje? Tulipouliza vizuri, mwalimu akakumbuka kwamba magunia yalilala nje, kando ya mawe, usiku wa kuamkia safari. Hakuna aliyemtuma. Alipanda basi.

Tulicheka, lakini si jambo la kuchekwa. Mei 2008, hapa Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wazee wanne waliuawa vivyo hivyo. Kabla ya kiberiti kuna mtu alitaja jina, na wengine wakanyamaza.

Mtu ataniuliza, "Kwani Biblia haisemi uchawi upo?" Inasema, nami sikatai. Lakini kujua kwamba adui yupo hakukupi ruhusa ya kumvika sura ya jirani. Tumepewa mamlaka ya kukemea pepo, si ya kumwita nyanya wa mtu omorogi kwa sababu ya mjusi. Amri inayokataza ushuhuda wa uongo haina nafasi ya kusema, "Niliogopa tu."

Aguri alimwona mjusi kwenye nyumba za wafalme, akamhesabu kati ya viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi. Sisi tulimwona kwa nyumba ya mwalimu, tukaona mchawi. Aguri aliangalia kwanza, ndipo akasema.

Nami nakiri: jina lilipotajwa, nilikuwa pale na nilinyamaza. Siku ya tatu nilienda kwa magokoro kuomba msamaha. Alikuwa ameshasikia. Tangu siku ile, aliniambia, alikuwa analala na mlango umefungwa kwa meza.

Wiki hii, mpendwa, kama kuna jina ulilitaja bila kujua, au ulisikia likitajwa ukanyamaza, usingoje Jumapili. Nenda kwake, mchana, watu wakiona.

Mungu atupe macho ya kuangalia kabla ya kusema. Amina.