Namba Iliyodhaniwa Tasa

Namba huitwa tasa ikiwa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Jina hilo limeazimwa katika mambo ya uzazi, na huko kama huku ni jina jepesi kupewa asiyestahili.

Katika mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika orodha ya namba alizozitaja kuwa tasa. Mojawapo hupatikana kwa kuzidisha pamoja 2 sitini na saba, kisha kutoa 1. Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne hakutoa ithibati. Alikuwa mwanachuoni mwenye sifa, na namba ilikuwa kubwa mno kujaribiwa kwa mkono. Basi neno lake likadumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwa njia ya hesabu kuwa namba hiyo si tasa. Lakini hakuonyesha kigawo hata kimoja. Aonaye unyayo mchangani hujua kuwa mtu amepita, asimjue ni nani. Ujuzi wa Lucas ulikuwa wa namna hiyo: wa yakini, ila hauna sura.

Sura ilionekana tarehe 31 Oktoba 1903 mjini New York, Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya chama cha wanahesabu wa Marekani. Husimuliwa kuwa hakutamka neno. Aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha tarakimu kwa tarakimu, jibu likawa namba ile ile, akarudi kuketi.

Watu hawa watatu waliwadai wasikilizaji wao vitu mbalimbali. Mersenne alidai imani. Lucas alidai elimu. Cole alidai kuzidisha tu, kazi aiwezayo mtoto wa shule mwenye subira. Taabu ya kutafuta aliibeba mwenyewe. Wengine aliwaachia wepesi wa kuhakikisha. Hiyo ni heshima kubwa kwa msikilizaji, kwani humpa mdogo uwezo wa kumhukumu mkubwa.

Hata hivyo, asiyekubali ila akionacho kwa macho yake angalimkataa Lucas mwaka 1876, akabaki na kosa la Mersenne. Ukweli wa Lucas haukuwa pungufu. Uliofika nao ulikuwa wachache. Wala Mersenne hakuwa mwongo: namba nyingine ya orodha yake, kubwa kupita hiyo, Lucas huyo huyo aliithibitisha kuwa tasa kweli. Mtu mmoja alipatia huku na kukosea huku, na cheo chake hakikuizuia namba kuwa na vigawo vyake.

Namba ilikuwa na vigawo hivyo kabla ya Mersenne kuzaliwa. Haikumngoja Cole ili iwe navyo. Waliongoja ni watu, na deni la kila ajuaye ni kuwapunguzia watu kungoja.