Kura ya Taifa: Hongo au Dhamira?

Kipalapala ni mahali padogo, jirani na mji wa Tabora, lakini jina lake limeenea mbali kwa sababu ya seminari yake kuu iliyoanzishwa mwaka 1925, na kwa sababu ya kiwanda chake cha kupiga chapa ambacho vitabu vyake vimesomwa na watu wengi wa nchi hii. Hapo ndipo tulipokutana, si zamani sana, na kundi la wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirejea makwao. Walituamkia shikamoo, nasi tukaitikia marahaba, kisha mazungumzo yakaingia katika masomo yao ya historia. Kijana mmoja akatuuliza: "Mzee, tumefundishwa kwamba tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, nchi 141 zilipiga kura kuilaumu Urusi kwa kuivamia Ukraina, nchi 5 zikakataa, na nchi 35 hazikuegemea upande wowote. Nchi yetu imo katika hizo 35. Je, tulinyamaza kwa busara au kwa woga?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo, na hatukuona aibu kukiri hivyo. Tulimwahidi kijana yule kwamba tutalifikiri swali lake; na kwa kuwa ahadi ni deni, tunajaribu kulilipa katika kurasa hizi. Swali lenyewe si la siasa peke yake. Ni swali la maadili, tena la tangu kale: je, mnyonge aweza kuwa na neno lake mwenyewe mbele ya wenye nguvu? Na akiwa nalo, limpasa alitumieje?

Nchi ya Unyanyembe, ambamo Kipalapala imo, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19. Misafara hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Walipita humo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira. Na walipita pia watumwa, ambao hakuna aliyewauliza ridhaa yao. Mpagazi na mtumwa waliweza kubeba mzigo wa uzito mmoja, lakini hawakuwa sawa. Mpagazi aliuza nguvu za bega lake, hakuuza ulimi wake. Mapatano yalipovunjwa aliutua mzigo chini, akagoma, au akaiacha safari.

Misafara hiyo ililazimika kutoa hongo kwa watemi wa nchi ilizopita: nguo za merikani na kaniki, shanga, na masango. Hongo ya siku hizo ilikuwa ushuru wa njia na maji. Ilidaiwa hadharani na kubishaniwa hadharani, pengine kwa siku kadhaa, na kila mpagazi alijua kilichotolewa na sababu ya kutolewa. Leo neno lilo hilo lina maana ya rushwa, yaani mali inayotolewa kwa siri ili mtu atende kinyume cha haki. Mali inayotolewa yaweza kuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba ya kwanza ilitolewa mbele ya macho ya watu, na ya pili hutolewa gizani. Hatuna budi kuikumbuka tofauti hiyo tunapoifikiria kura ya taifa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema kwamba kila nchi mwanachama ina kura moja katika Baraza Kuu. China yenye watu zaidi ya bilioni moja ina kura moja, na Tuvalu yenye watu wapatao elfu kumi tu ina kura moja. Maazimio ya baraza hilo, kwa sehemu kubwa, hayana nguvu ya kumlazimisha mtu. Nguvu yake ni ile ya lawama na ya heshima. Hata hivyo wakubwa huzitafuta kura za wadogo kwa bidii nyingi, kwa kubembeleza, kwa kuahidi na kwa kutisha. Wangefanya hivyo kwa sababu gani, kama kura hizo hazina uzito?

Mfano ulio bora ni ule wa tarehe 25 Oktoba 1971. Swali lilikuwa: ni nani anayestahili kukalia kiti cha China, serikali ya Beijing au ile ya Taiwan? Marekani ilitaka kwanza jambo hilo lihesabiwe kuwa zito, ili lihitaji theluthi mbili ya kura. Nchi 55 ziliafiki, nchi 59 zikakataa, na 15 hazikuegemea upande. Kura nne tu ndizo zilizoamua! Ndipo azimio lenyewe likapigiwa kura na kupita kwa 76 dhidi ya 35, huku nchi 17 zikikaa kando. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolitoa azimio hilo, na balozi wetu, Salim Ahmed Salim, alikuwa kijana wa miaka 29.

Mwenye kututilia shaka aweza kusema: China ilikuwa ikitujengea reli, basi kura yetu ilikuwa malipo ya reli. Shutuma hiyo yastahili kujibiwa kwa tarehe, si kwa hasira. Tanganyika iliitambua serikali ya Beijing ilipopata uhuru, Desemba 1961. Mapatano ya reli ya Tanzania na Zambia yalitiwa sahihi mwaka 1967. Imani ilitangulia msaada. Kwa hiyo tuliweza kuitetea kura yetu mbele ya mtu yeyote, mchana kweupe. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi, maana shukrani nayo ni kamba. Haimfungi mtu kwa ghafula, bali humzunguka polepole mpaka akashindwa kumwambia mfadhili wake kwamba amekosa.

Kura ya dhamira huwa na gharama. Mwaka 1981 Salim aligombea cheo cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akiungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katika Baraza la Usalama, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, na China ikamzuia vivyo hivyo mpinzani wake, Kurt Waldheim, hata wote wawili wakakaa kando na cheo kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wengi waliamini kwamba yale ya mwaka 1971 hayakuwa yamesahauliwa.

Gharama nyingine tulikuwa tumekwisha kuilipa kabla ya hapo. Mwanzoni mwa Desemba 1965, mawaziri wa nchi huru za Afrika waliokutana Addis Ababa waliazimia kwamba, kama Uingereza isingeuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia ifikapo tarehe 15 mwezi huo, nchi zao zingevunja uhusiano nayo. Siku ilipofika, nchi chache tu zilitimiza, Tanzania ikiwamo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukatuponyoka. Waliobaki nao walikuwa wameinua mikono yao Addis Ababa. Lakini mkono ulioinuliwa bila nia ya kutenda ni sawa na mkono wa mtu anayefukuza nzi.

Hapa hatuna budi kumsikiliza kwa makini mtu mwenye rai tofauti. Atasema: mtu binafsi ana haki ya kulala njaa kwa ajili ya dhamira yake, lakini kiongozi amekabidhiwa watoto wa watu. Fedha zilizopotea zingeweza kujenga shule na zahanati. Ni nani aliyempa ruhusa ya kuutoa mhanga mkate wa wengine? Hoja hii ni nzito, na yeyote anayeipuuza hajapata kuona mama akirudi kutoka zahanati isiyo na dawa.

Jibu twalipata Tabora yenyewe. Mwezi Januari 1958, TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliliona sharti hilo kuwa tusi, wakataka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie katika uchaguzi pamoja na ubaya wa sharti lile, ili wasiwaachie uwanja wapinzani wao. Wengine hawakuridhika, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Lakini TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na uhuru ukakaribia.

Je, uamuzi wa Tabora ulikuwa usaliti wa dhamira? Sivyo hata kidogo. Wajumbe waliinama ili wapite mlango mfupi. Hawakuinama kwa sababu walikuwa wamelipwa. Bei ilijulikana, sababu ilitajwa, na hoja ilijadiliwa mbele ya wote. Kwa hiyo maslahi ya wananchi si adui wa dhamira. Taifa laweza kupima faida na hasara zake bila ya kujidhalilisha, mradi kipimo chenyewe kiwekwe mezani na wale wanaokabidhiwa gharama waambiwe.

Sasa turudi kwenye kunyamaza. Katika Baraza Kuu, asiyeegemea upande hahesabiwi kuwa amepiga kura. Hivyo ukimya wake waweza kumsaidia mmoja bila yeye kukusudia, kama ilivyoonekana mwaka 1971. Upo ukimya wa mpatanishi, anayejizuia leo ili asikilizwe kesho na pande zote mbili. Upo pia ukimya wa mdaiwa, anayemwogopa mwenye duka. Kwa nje kimya hiki na kile vinafanana kabisa. Ni sababu tu inayovitenganisha.

Taifa letu laujua uchungu wa ukimya wa wengine. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Sisi tulikuwa watoto, lakini twakumbuka nyuso za wazee wetu. Tanzania ilitaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaumu mvamizi. Umoja huo haukumlaumu, ukataka pande mbili zipatanishwe, kana kwamba aliyevunja nyumba na aliyevunjiwa wana kosa moja. Anayeyakumbuka hayo ataona kwamba swali la kijana wa Kipalapala si la utovu wa adabu. Mwaka 2022 Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilikaa kando kama sisi. Kenya na Rwanda zilisema ndiyo. Hatuwezi kusema kwamba waliokaa kando wote walikuwa waoga, wala kwamba waliosema ndiyo wote walikuwa mashujaa. Sera ya kutofungamana na upande wowote ni urithi wetu wa heshima. Lakini kutofungamana maana yake ni kuwa huru kuhukumu kila jambo kwa haki yake, wala si kutohukumu kamwe.

Nasi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Katika ujana wetu wa utumishi tuliketi katika kamati moja, tukaunga mkono hoja tuliyoijua kuwa mbaya, kwa sababu aliyeileta alikuwa ametukopesha fedha za karo. Hakutukumbusha deni lake. Hakuwa na haja. Tulipoulizwa na mwenzetu mmoja kwa nini tumeunga mkono, tulitafuta maneno tusiyapate. Tangu siku ile tumejua kwamba kura isiyoweza kuelezwa imekwisha kununuliwa, hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana yule ni hili. Usiipime kura ya nchi yako kwa kutazama ilikoangukia tu. Uliza kama sababu yake yaweza kusemwa barazani, mbele ya mkulima na mbele ya mgeni, kwa maneno yale yale. Uliza kama tungetoa kura hiyo hiyo endapo aliyeonewa angekuwa sisi, au endapo mwonevu angekuwa rafiki yetu. Uliza kama tuko tayari kuilipia. Sababu ikisemeka, hata ukimya ni neno la mtu huru. Isiposemeka, hata ndiyo iliyotolewa kwa sauti kuu ni hongo. Na walimu wasichoke kuwaachia vijana wao nafasi ya kuuliza, maana taifa ambalo watoto wake hawaulizi litapigiwa kura na wengine.