Je, Uwazi ni Kitu?

Fundi akifungua pampu ya skrubu ya aina aliyoibuni Mfaransa René Moineau yapata 1930, atakutana na rota ya chuma iliyosokotwa kama kamba, stata ya mpira inayoizunguka, shafti yenye kiungo kinachoiruhusu rota kuyumba, sili ya kuzuia mvujo, na ganda lenye mlango wa kuingizia na wa kutolea. Katika vyote hivyo, hakuna kinachobeba tope linalosukumwa na pampu. Kinachobeba ni uwazi. Rota ina msokoto mmoja, stata ina miwili, hivyo kati yao hubaki vyumba vilivyozibwa, na rota ikizunguka, vyumba husogea mbele pamoja na mzigo wake. Nashikilia kwamba uwazi huo ni sehemu halisi ya pampu, ingawa hauna uzito na hauuzwi dukani kama spea.

Atakayepinga atasema uwazi ni jina tu la umbo la chuma na mpira. Hoja hiyo ina nguvu, maana bila kuta hakuna chumba. Lakini kuta zenyewe hazisafiri: stata imetulia, na rota huzunguka papo hapo. Chumba peke yake ndicho kinachotoka mwanzo hadi mwisho, na ujazo wake ndio unaoamua kila mzunguko utoe kiasi gani. Tena chumba huweza kufa kabla ya kuta zake. Mpira ukilika (na pampu ikiwashwa kavu, huungua upesi), stata ingali pale, rota ingali pale, ila chumba hakizibi tena, na tope hurudi lilikotoka.