Jua Ni la Bure: Je, Lina Israfu?

Ndugu zetu wasafirio baina ya Mombasa na Nairobi waijua Mtito Andei, takriban nusu ya njia. Jua la huko ni kali na maji ni haba. Yeyote apendaye kheri, akipaona, hutamani kutoa chochote ili skuli au msikiti wa huko upate taa na pampu za nguvu za jua. Nia hiyo ni njema. Lakini tumewasikia wengine wakisema: "Jua ni neema ya Mungu, halilipiwi, basi israfu yatoka wapi?"

Twajibu: jua ni la bure, lakini chombo cha kulinasa si cha bure, na betri ya kuiweka nguvu yake hadi usiku ni ghali, nayo huchakaa kabla ya paneli.

Natutazame hesabu. Glopu nne za kale, za wati 60 kila moja, zikiwaka saa tano hula wati-saa 1,200. Taa nne za LED za wati 9, zenye mwanga karibu sawa na huo, hula 180 tu. Basi abadiliye taa kwanza huhitaji betri ndogo mno. Na pampu ikijaza tangi la juu mchana, usiku maji hushuka yenyewe. Tangi limeshika mahali pa betri.

Upepo nao wataka kupimwa zaidi. Kasi yake ikipungua kwa nusu, nguvu yake husalia thumuni. Kwa hiyo mtambo uliojengwa nyuma ya miti ni pambo tu.

Hata kazi kubwa hukwama kwa kiungo kimoja. Karibu na Ziwa Turkana mitambo 365 ya upepo ilikamilika mwaka 2017, ikangoja waya wa kuichukua nguvu yake hadi Septemba 2018. Upepo ulivuma, wala taa haikuwaka.

Basi israfu si ya jua. Ni ya mali ya mtoaji, na ya matumaini ya mtoto aliyeahidiwa taa akarudishwa gizani. Atoaye bila kupima huenda akapata sifa siku ya kufungua, na hasara ikawabakia wengine.

Kwa hivyo, tutoapo, tuulize: Haja ni kiasi gani? Yaweza kupunguzwa vipi? Na betri ikifa, itanunuliwa kwa fungu gani? Kupima ni sehemu ya kutoa.